Waya wa Agyapong

Mjomba Agyapong, fundi umeme wa banda la jirani, anawaambia watu kwamba giaboksi ya gari la Mama Konadu ilikufa siku tulipobadilisha injini. Anasema gari lilizima mteremkoni, breki zikawa ngumu kama jiwe, na mimi Serwaa nikapiga mayowe.

Kuzima lilizima. Lakini leo nimechomoa plagi ya kufuli ya toki konvata, ile inayobana injini na giaboksi gari likishika kasi, na kuachia likisimama. Nikaendesha hadi sokoni na kurudi. Halikuzima hata mara moja. Nikairudisha plagi, likazima kona ya kwanza. Nikafuata waya wake: siku ile ya injini Agyapong aliuunga kwenye umeme wa swichi ya kuwashia gari, kwa hiyo kufuli haiachii kamwe. Ulitakiwa kwenda kwenye kompyuta ya gari.

Hapa Suame, mtaa wa mabanda ya mafundi magari, fundi injini hagusi waya wa fundi umeme. Ukiukata, hakuna fundi umeme atakayekanyaga banda lako tena. Na nikiiacha plagi imechomolewa safari nzima, mafuta ya giaboksi yatachemka.

Mama Konadu ameshavaa nguo zake za msiba. "Mwanangu, mlima wa Mampong nitaushukaje na mwili wa mama yangu?"

Nikavuka kwa Agyapong. Alikuwa anacheza dama.

"Mtoto wa spana umekuja kunifundisha umeme?" Wenzake wakacheka.

"Sikufundishi, Mjomba. Njoo uufungue waya wako mwenyewe, Mama Konadu ashuke salama."

Akasogeza kete yake bila kuinuka, kama vile sikuwepo.