Taa ya Kando ya Kitanda

Wiki mbili nzima Mama Pacha na mumewe walivutana kuhusu taa ya chumbani kwao. Mama Pacha, fundi cherehani anayekodolea sindano macho kutwa, alitaka mwanga mpole wa manjano. Mumewe, dereva wa basi la shule, alitaka taa kali.

"Kali ya nini, Baba Pacha? Tunalala au tunafanya upasuaji?"

Mume alicheka, lakini hakulegeza kamba.

Jumamosi mchana wakaingia duka la taa. Muuzaji, mwenye domo lisilopumzika, akawapeleka kwenye kijichumba cha majaribio kilichokuwa na kitanda kilichotandikwa. Akavuta pazia zito, akazima taa ya darini, akawasha ya manjano kando ya mto. Mama Pacha aliyaona mashuka, akaiona hata mikunjo ya shati la mumewe. Akafurahi, maana ushindi ulikuwa wake.

"Haya sema, mume wangu. Si nzuri?"

"Mwambie aiwashe kwanza, ndipo niseme."

Muuzaji akaangua kicheko. Mama Pacha hakucheka. Mumewe alikuwa ametulia, uso mkavu, anasubiri.

"Imewaka, Baba Pacha."

Muuzaji akafunga domo.

"Huoni? Tangu lini?"

"Mwaka jana. Mchana naona vizuri tu. Mwanga ukififia, basi, ni giza. Niliogopa kusema, mke wangu. Ningefukuzwa kazi."

Mama Pacha akaketi kwenye kitanda cha watu. Basi lile huondoka saa kumi na moja alfajiri, kabla hakujapambazuka. Hubeba watoto thelathini na wawili, na wanawe pacha hukaa kiti cha mbele kabisa. Jana tu aliwapandisha kwa mikono yake mwenyewe, akawapungia.

"Sasa unaendeshaje, baba wee?"

"Njia naijua. Na pacha huniambia kukiwa na kitu mbele. Wanadhani ni mchezo wetu."

"Wana miaka saba!" Alipiga yowe hadi wateja wa nje wakachungulia. Kisha akasimama mbele ya mumewe, akakinga kiganja. "Nipe ufunguo wa basi. Sasa hivi."

Mume hakubisha. Akautoa mfukoni, akaunyoosha kwa upole, mbali kabisa na kiganja cha mkewe, akaushikilia hapo hewani akingoja upokewe.