Dole Gumba la Mama Anwari

Fomu tano zilirudi kutoka Mtwara zimebanwa pamoja, na juu yake barua fupi. Niliisoma mara mbili nimesimama mlangoni mwa ofisi yetu ya mikopo ya Masasi, mara ya tatu nikaisoma nimekaa. Iliandikwa na Bwana Optatus, mkaguzi wetu. Alikuwa amelinganisha alama za dole gumba za wanawake wa kikundi cha Tujaribu, kule Newala, katika mikopo yao mitatu. Katika mkopo wa kwanza kila dole lilikuwa na mistari yake. Katika wa pili mistari ilikuwa imefifia. Katika huu wa tatu hapakuwa na mistari hata kidogo, ila madoa matano ya wino yanayofanana kama mapacha. Fedha zisitolewe. Nami nifike mbele yake baada ya siku kumi nieleze madole hayo ni ya nani.

Niliielewa barua vizuri sana. Mwaka uliotangulia karani wa tawi jingine alikuwa amebuni kikundi kizima cha wanawake hewa, akawapa majina, watoto na biashara, kisha akala mikopo yao yote. Bwana Optatus aliamini kwamba madoa yale matano ni kidole changu mimi, Salome, nimekichovya mara tano.

Nina kasoro mbili na sizifichi. Hasira zangu ziko karibu, na jambo nisilolielewa huninyima usingizi. Siku ile zote mbili zilinipanda kwa pamoja. Kwanza niliilaumu pedi ya wino, nikanunua mpya kwa hela yangu. Asubuhi iliyofuata nikapanda pikipiki ya ofisi, nikaianza barabara ya kupanda Newala huku nikigombana na Bwana Optatus kichwani mwangu, na kila hoja nilimshinda.

Kikundi kile nilikuwa nakijua vizuri. Nilikipa mkopo wa kwanza mwaka 1996, shilingi elfu thelathini kwa kila mmoja, za kulipa kidogo kidogo kwa miezi sita. Ukimaliza vizuri unapewa mwingine. Wakati ule walikuwa wakiuza maandazi na chumvi. Kisha biashara ya korosho ikafunguliwa, kila mwenye lori na mfuko wa hela akawa mnunuzi, na akatokea mfanyabiashara mmoja aliyetaka korosho zilizokwisha kubanguliwa. Wanawake wakaacha maandazi. Mimi niliandika tu kwenye fomu, "Biashara: kubangua korosho," nikageuza ukurasa. Kwetu Songea tunalima mahindi na kahawa. Korosho nilikuwa naijua ikiwa imeshafungwa kwenye karatasi.

Mwenyekiti wao alikuwa Ziada, mama wa makamo, mrefu, asiyependa maneno mengi. Sisi wote tulimwita Mama Anwari. Huyo Anwari alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari ya Chidya, na Januari alitakiwa aripoti na ada, godoro na sare. Hesabu ya mama yake ilikuwa fupi. Korosho ghafi zilikuwa kijijini sasa hivi, mwezi wa Novemba. Malori yakishazibeba, mwenye hela na asiye na hela ni sawasawa. Mkopo ukichelewa, hakuna korosho, na pasipo korosho hakuna Chidya.

Nilimkuta uani kwake na wenzake wanne wakibangua, nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamweleza habari ya barua. Nikafungua pedi mpya, nikashika kidole chake, nikakibonyeza mwenyewe kwenye karatasi. Likatokea doa. Nikarudia taratibu, likatokea doa lingine. Ndipo nikakigeuza kidole kile kwenye mwanga na kukitazama, jambo ambalo kwa mwaka mzima na zaidi sikuwahi kulifanya. Kilikuwa cheusi pembeni, na pale kati kimekuwa laini kama mgongo wa kijiko.

Nilimuuliza kimepatwa na nini. Akauvuta mkono wake, akauficha ndani ya kanga, nami nikaona nimemwaibisha. Aliyejibu ni Winfrida, mwenzake, mwenye mdomo mwepesi kuliko wote pale. Alisema uhondo wa ngoma uingie ucheze, na kama nina muda wa kuuliza, basi nina muda wa kukaa. Wote wakacheka. Nami, kwa hasira na kwa kutaka kujua, nikavua viatu, nikakaa mkekani, nikaanza kubangua nao.

Hapo ndipo nilipojifunza kazi niliyokuwa nikiikopesha. Korosho ya kula nyumbani huchomwa motoni, ganda likawaka na mafuta yake yakaisha. Lakini mnunuzi wao hakutaka yenye alama ya moto. Alitaka nyeupe na nzima. Kwa hiyo walizichemsha kidogo kwenye pipa, wakazianika, kisha wakazipasua moja moja kwa kirungu cha mti, na mafuta yote bado yamo gandani. Mafuta yale ni meusi na mazito, na hula ngozi. Wao walijipaka majivu kila baada ya muda, maana maji juu ya uwanda ule wa Newala ni ya kuhesabia, huwezi kunawa kila saa. Walinisogezea kibakuli cha majivu. Nikakikataa kwa ukaidi tu, nikasema nataka kuona.

Niliona. Siku ya kwanza ilikuwa muwasho. Siku ya pili vidole viliwaka kana kwamba nimeshika sufuria. Nililala kwa Mama Anwari, na asubuhi nikashindwa kufunga vifungo vya blauzi yangu, akanifunga yeye bila kunicheka. Siku ya nne malengelenge yalipasuka na ngozi ikaanza kubanduka, nyembamba kama ya kitunguu. Nilimuuliza mambo mengi siku zile, naye alinijibu machache. Nilitaka kujua kwa nini hawavai glavu. Alisema walijaribu, lakini ngozi ya ndani ya korosho huondolewa kwa kucha, na mwenye glavu hubangua nusu ya mwenzake. Nilitaka kujua kama inazoeleka. Alisema maumivu huzoeleka, ila kuna vitu vingine. Nikimwuliza vitu gani alikuwa akiinuka kwenda kugeuza korosho juani.

Siku ya saba Winfrida alikuja na shauri. Kwa kuwa Mtwara wanataka mistari, wapewe mistari. Kila mmoja wao alikuwa na binti mwenye vidole vizima, wabonyeze mabinti, fomu ziende, korosho zinunuliwe. Alilisema kama mtu anayeazima chumvi, na wenzake watatu wakanitazama. Nakiri kwamba nililipenda shauri lile. Bwana Optatus angeridhika kabisa. Madole ya kweli alikuwa ameyakataa, ya uongo angeyapokea kwa mikono miwili, na kazi yangu ingepona. Mkono wangu ulikuwa tayari unatafuta fomu mpya kwenye mkoba.

Mama Anwari ndiye aliyekataa. Hakupandisha sauti.

"Nikikopa kwa kidole cha mwanangu, mkopo huo ni wa mwanangu," alisema. "Mimi nahangaika ili wanangu wasikope."

Winfrida akamuuliza, basi Anwari asiende Chidya? Mama Anwari aliinuka. Aliingia ndani, na tukamsikia akipanga vitu visivyohitaji kupangwa. Nami nikaufunga mkoba.

Siku ya kumi nilikuwa Mtwara, nimevaa blauzi isiyo na vifungo. Bwana Optatus alinikaribisha kiti kwa adabu, jambo lililoniudhi zaidi, na akaweka zile fomu tano mezani. Nilikuwa nimetunga hotuba njiani. Badala yake nikamwomba jalada langu la kazi. Akalitoa akinishangaa. Ndani yake kulikuwa na fomu ya siku niliyoajiriwa, na chini yake dole langu gumba, lenye mistari safi. Nikaivuta pedi yake ya wino, nikabonyeza kidole changu kando ya lile la zamani. Likatokea doa.

"Huyu ni nani?" nikamuuliza.

Alitazama karatasi, kisha akaomba mkono wangu. Aliugeuza kwenye dirisha kama nilivyougeuza wa Mama Anwari. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi, na kwa mara ya kwanza alikuwa akitazama kitu kinachokuja kabla ya karatasi.

"Siku ngapi?" aliuliza.

"Hazijafika kumi. Wao wana mwaka."

Akauliza kama inauma. Nikamwambia inauma sana. Aliandika kwenye kila fomu kwamba mkopaji ni mbanguaji, dole lake lishuhudiwe na mwenyekiti wa kijiji, na fedha zitolewe. Aliandika taratibu, na alipofika fomu ya tano alikuwa amekunja uso.

Jumatatu nilifika Newala na fedha. Malori mawili yalikuwa bado yamesimama sokoni. Wanawake walibonyeza madoa yao mbele ya mwenyekiti wa kijiji, Winfrida akatania kwamba sasa mimi ni mwanachama wa sita, tukacheka, nami nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Mama Anwari alikuwa wa mwisho. Alizihesabu noti zake, akazifunga kwenye pindo la kanga, kisha akanishika mkono. Alikitazama kidole changu kwa makini, pale ngozi mpya ilipoanza kutokea kati ya ile nyeusi.

"Chako kitaota ngozi," alisema. "Mwezi huu hauishi, mistari yote itarudi. Usibangue tena, mwanangu. Wewe unayo kazi nyingine."

Nilikuwa nimepigana siku kumi ili nimletee hela hizi, na sasa nilielewa zinakwenda kununua nini: korosho nyingine za kula vidole vyake. Niliona haya, na niliona haya zaidi kwa kuwa yeye alikuwa akifurahi. Alinishukuru, akaniombea safari njema, akaondoka haraka kuelekea sokoni kabla malori hayajajaa.