Hewa Tulivu ya Haltom City

Mtu akitaka kunitia wazimu, anifungulie mlango wa friza ninapopima hewa.

Kifaa changu ni mlingoti mfupi wenye nyaya nyembamba zinazohisi joto la hewa likibadilika hata kidogo mno. Hewa ikichezacheza, nyota hutetema kwenye darubini. Wataalamu walitaka kujua kama hewa ya kule kwenye barafu, Ncha ya Kusini, imetulia vya kutosha kujenga darubini kubwa, na mimi, Kerubo, ndiye niliyechaguliwa kukaa huko na kifaa majira yote ya baridi ya mwaka 2004. Lakini kwanza kionyeshe kwamba kinaiweza baridi. Jumatatu lori lingekuja kuchukua masanduku ya safari. Kisipofaulu jaribio la Jumapili, kingebaki, nami ningebaki nacho.

Maman Rosette, Mkongo ninayesali naye, alikuwa msimamizi wa ghala la nyama Haltom City, huku Texas. Aliniombea friza moja tupu, chumba kizima cha baridi. Nikaketi nje na kompyuta, mstari kwenye skrini ukalala vizuri. Ghafla ukaruka.

Nilikimbia hadi mlango wa nyuma. Fidèle, dereva wa foklifti ya kuinulia mizigo, alikuwa ndani.

"Nilikuya kuangalia kama haikuanguka, dada."

Nikaanza upya. Mstari ukaruka tena. Safari hii ni Maman Rosette mwenyewe, na alikuwa amekifunika kifaa changu kwa blanketi. Blanketi!

"Baridi ya humu ni kali, mtoto yangu."

"Maman, hii ni mashine! Nime-apply hii job nikangoja three years! Mkifungua huo mlango tena, siendi popote!" Sauti ilinitoka mbaya, na sikujali.

Alikunja blanketi polepole. "Na wewe kule, ukigonjwa?"

"Kuna daktari."

"Na ndege?"

"Haiwezi kutua mpaka baridi iishe. Tafadhali, Maman, toka."

Alitoka. Nilirudi kwenye kompyuta nimenuna, nikingojea tu mstari uruke. Haukuruka. Jua lilipoanza kushuka ulikuwa bado umelala, na kipimo kikakamilika. Nilipiga kelele peke yangu kama mwendawazimu.

Nilizunguka nyuma kumtafuta. Maman Rosette alikuwa ameketi juu ya kreti, mgongo ameuegemeza mlangoni. Fidèle alisimama mbali kidogo. Yeye Maman alikuwa amemfukuza mlangoni.

"Imekubali?" Maman akaniuliza.

"Imekubali, Maman! Asante sana kwa kunilindia mlango."

Hakuinuka kunikumbatia. Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Mlango nimelinda," alisema. "Lakini nilikuwa naomba Mungu ikatae."