Chupa ya Kipimo

Jumatatu asubuhi, katika karakana ya kamba ya Vitalis huko Mnyambe, Agatha alimimina maji ya kostiki, dawa kali inayounguza, kwenye ndoo ya katani. Kipimo kilikuwa chupa ya maji ya dukani, lebo yake bado ipo: nusu chupa kwa ndoo, kuloweka saa moja. Ikipungua, katani inabaki na utomvu na kamba haikazi. Ikizidi, nyuzi zinakatika kama nywele za mgonjwa. Nusu iliyobaki akairudisha dirishani, mahali pake pa siku zote.

Bomba halikuwa limetoa maji tangu Ijumaa, na mtoto akiona maji ni maji. Justa, binti yake wa miaka sita, alikunywa funda moja la chupa ile wakati mama yake amempa kisogo.

Hospitalini walisema koo limeungua, sauti hairudi. Wiki ya tatu wakamruhusu. Nyumbani akamwamkia bibi yake, na badala ya shikamoo ukamtoka mdomoni uzi wa katani, mweupe, urefu wa mkono mzima. Bibi akaitikia marahaba, akauviringisha, akauweka mapajani.

Tangu hapo wakawa wanamwelewa kwa urefu. Shibiri moja ni ndiyo. Mbili ni njaa. Pima nzima, koo linauma.

Vitalis alikuja kutoa pole na kilo mbili za sukari. Akaokota nyuzi sakafuni, akazisokota, akaning'iniza gunia la korosho kwenye boriti. Halikudondoka.

"Mama Justa," alisema, "hii imelowekwa sawasawa. Uwe unakuja naye kazini, aongee ongee."

Agatha akamwomba basi ile chupa iondolewe, au hata iandikwe sumu. Vitalis akasema mkono umeshaizoea. Wakibadili kipimo watakosea, kamba zitakatika.

Alhamisi Justa alikuwa amekaa kwenye jamvi la karakana. Esha, mtoto wa Priska msokotaji, akapanda benchi akanyoosha mkono dirishani. Justa akafungua mdomo. Uzi ukatoka, pima mbili, tatu, saba, ukafika mlangoni bila kukatika. Vitalis akaushika, akauvuta kwa nguvu zote, akautundika pamoja na nyingine.

"Safi," alisema.

Agatha ndiye aliyeupima kwa macho, akajua kilichosemwa. Akavuka chumba, akamnyang'anya Esha chupa. Kizibo kilikuwa kimelegea.

Kulikuwa na ndoo inasubiri. Akamimina nusu, akakaza kizibo, akairudisha dirishani.