Seva za Majina ya Wazee

Bili ilikuja kila mwezi, na kila mwezi ilikuja imenenepa. Safari hii Meneja Kornel aliiweka juu ya meza ya Winifrida bila kufoka, na upole huo ndio uliomtisha.

"Bodi inakaa kesho," alisema. "Mwenyekiti amekwisha sema. Huduma ya bei ifungwe."

Huduma ya bei aliijenga Winifrida mwenyewe, pale pale ofisi ya ushirika wa wakulima, Mazwi mjini. Kila asubuhi mkulima wa kijijini, Msanzi au Ilemba, alipata ujumbe kwenye simu yake ya tochi: mahindi mjini leo bei gani, ulezi bei gani. Zamani bei aliitaja mlanguzi, na mlanguzi hajawahi kukosea kwa hasara yake. Ujumbe huo ulitoka kwenye seva, yaani kompyuta za kukodi zilizoko nchi za mbali, ambazo mita zake husoma saa zote, zifanye kazi zisifanye.

Winifrida hakulia. Alifungua kompyuta akaanza kuchungulia kila seva inafanya nini. Chache zilikuwa zinahangaika, mistari ya kazi kwenye kioo ikipanda na kushuka. Zilizobaki, mstari ulikuwa umelala chini kabisa. Hakuna ujumbe uliopita humo tangu msimu wa juzi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wageni hawa walikuwa na misimu kadhaa na jembe hawajalishika.

Sasa kwa nini hakuna aliyezizima? Hapo ndipo penye aibu. Tadei, fundi wa kwanza wa ushirika, alikuwa akifungua seva mpya kila mavuno yakizidi, na kwa heshima akaipa jina la mjumbe wa bodi, kama watu wanavyowapa watoto majina ya babu zao. Kukawa na seva Mzee Alois, seva Mama Zita, seva Mzee Loth na wenzao. Wazee walifurahi sana. Msimu ukiisha, seva ilitakiwa kuzimwa, lakini nani amfunge paka kengele? Mwaka mmoja seva ya Mama Zita ilizimika yenyewe, na wiki hiyo hiyo Mama Zita akalazwa kwa malaria. Seva iliwashwa upya, mama akapona, maneno hayakupona. Tangu hapo hakuna kidole kilichogusa jina la mzee, na hao ni watu wenye vyeti vya kompyuta ukutani!

Winifrida alimwita fundi mwenzake, Jastin. "Njoo tuzime hizi."

"Ya kwanza ya nani?"

"Mzee Alois."

Jastin alirudisha mikono kwenye mifuko ya jaketi. "Mwenyekiti? Dada Wini, mimi simo. Akikohoa tu kesho, mji mzima utasema ni sisi. Na mji wetu unaujua."

Aliujua. Ndiyo maana hasira ilimpanda: wakulima warudi mikononi mwa walanguzi kwa sababu ya woga wa watu wawili ofisini? Alihifadhi nakala za kila kitu, kisha akaenda kulala akiwa amekwisha amua. Wazee watajizima wenyewe.

Asubuhi ilikuwa na baridi ya kung'ata, na wajumbe waliingia ukumbini na makoti yao mazito. Mzee Alois hakuzunguka. "Bili inatumaliza. Tunafunga."

Winifrida alisimama. "Shikamoo, baba. Kabla hujafunga, naomba nikuoneshe wewe mwenyewe."

Alirusha picha ukutani. Mzee akavaa miwani, akasogea.

"Hii ni seva yenye jina lako. Mstari huu ndio kazi yake."

"Mbona haupandi?"

"Haina kazi, baba. Tangu msimu wa juzi."

"Na tunailipia?"

"Hata sasa hivi tunapoongea."

Mzee Alois aligeuka, uso umemwiva. "Mimi niliyeshika jembe kabla sijaota ndevu, nimekaa huko nakula jasho la watu bure? Kwa nini hamkunitoa?"

Ni Winifrida aliyejibu. "Tuliogopa, baba. Kwa yale yaliyompata Mama Zita."

Mama Zita aliangua kicheko hadi kitenge kikamdondoka begani. "Malaria yangu niliitoa harusini Kasanga, kule ziwani! Mbu wa kule hamuwajui? Hebu nioneshe pa kubonyeza."

"Subiri zamu yako," alisema Mzee Alois. Akashika kipanya kwa mkono mzima, akabonyeza. Jina lake likafifia ukutani.

Halafu akakohoa.

Ukumbi mzima uliganda. Jastin alishika kichwa. Mzee alikohoa tena, akatoa leso, akafuta pua.

"Ugoro," alisema. "Ugoro tu, nyie watoto. Nimejizima na nipo. Anayefuata!"

Wakapanga foleni. Watu wazima wale, wanaogombania maneno kwenye vikao miaka nenda miaka rudi, sasa waligombania kipanya. Meneja Kornel alipiga hesabu, akairudia kwa kutoamini: bili itabaki chini ya nusu.

"Na ile ya bei?" aliuliza Mzee Loth. "Isije ikawa tumeizima nayo."

Winifrida alikuwa amehakikisha, lakini kuhakikisha si kuona. Wote walisubiri ujumbe wa asubuhi. Simu ya kwanza ililia mfukoni, ya pili kwenye mkoba, kisha ukumbi wote.

Debora, mjumbe wa Ilemba, alisoma yake akainuka ghafla, kiti kikaanguka. Nyumbani kwake lori la mlanguzi, Fuso, lilikuwa linapakia mahindi, kwa bei waliyopatana alfajiri. Alitoka nje bila ruhusa, akimpigia mumewe simu.

"Baba Vicent! Shusha! Ametudanganya huyo, nasema shusha!"

Mzee Alois hakupata nafasi ya kuuliza nani anaunga mkono huduma iendelee. Mikono ilikuwa juu tayari, na wa kwake ulikuwa juu kuliko yote. Winifrida alicheka huku machozi yakimtoka, na nje ya dirisha Debora alikuwa bado anapiga kelele.

"Hata lile la chini kabisa! Shusha mpaka gunia la mwisho!"