Hendeli ya Baba Sauda

Mume wangu Pazi ni mbishi. Nasema waziwazi kwa sababu Miteja nzima inajua, na asiyejua aje aniulize mimi. Masika yote mkono wake wa kulia ulikuwa unakufa ganzi, na kila nikimwambia twende hospitali alisema ameulalia vibaya. Kikombe cha chai kikamponyoka, nikaokota vigae. Jembe likamponyoka. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua, akanijibu niache uchuro.

Angekuwa mkulima wa mikorosho tu, ningemwacha na ubishi wake. Lakini Pazi ndiye mwenye mashine ya kusaga hapa kitongojini kwetu, injini kongwe ya dizeli inayowashwa kwa kuzungusha hendeli, na haijapata kuwashwa na mkono wa mtu mwingine. Hendeli yenyewe alikuwa akiiweka chini ya kitanda. Umeme haujatufikia, na mashine nyingine iko mbali, huko barabarani. Wanawake wote wa huku walikuwa wanautegemea mkono ule.

Sasa injini ile ilikuwa na tabia yake. Ukiizungusha kwa nguvu, inashika na kwenda mbele. Ukiizungusha kilegevu, inakurudishia teke, na ikitaka balaa inashika hukohuko nyuma na kuzunguka kinyume. Mara ya kwanza ilitokea Shaabani mwanzoni, nami nilikuwepo. Bomba la nje lilinyamaza, moshi ukatokea kwenye chujio la hewa na kujaa chumbani, unga nao ukagoma kutoka. Pazi aliikatia mafuta haraka, akatoka anakohoa.

Jioni, tukila, alinieleza mwenyewe kwa ufundi wake wote. Injini ikienda kinyume, pampu haipandishi oili, vyuma vinasagana vikavu, na ukiiacha kidogo tu imekufa. Nikamuuliza kwa nini ilirudi nyuma. Eti dizeli ya siku hizi imechakachuliwa. Nilikasirika, nikaondoa sahani kabla hajashiba.

Watu nao wakaleta yao. Wakasema mashine imerogwa, wakamwita mwalimu wa madrasa akaisomea dua mlangoni. Pazi aliketi mbele akaitikia amina kwa sauti kuliko wote. Nilimtazama nikasema moyoni, wewe bwana, Mungu anakuona.

Na dawa ilikuwepo nyumbani. Binti yetu Sauda ameolewa na Haruna, mtu mzima mwenye mikono yake, amewahi kuendesha trekta huko Lindi. Anaishi nasi na kulima nasi, kama ilivyo desturi yetu mkwe kuja kukaa ukweni. Lakini mkwe wa kwetu ana mipaka. Hapandishi sauti mbele ya baba mkwe, hampiti mlangoni, wala hamchukulii kitu mkononi mpaka apewe. Kwa hiyo nikamwomba Pazi ampe Haruna hendeli, walau mwezi mtukufu upite salama. Akaniuliza kama nimechoka kuwa mke wa fundi. Nikaachana naye.

Ramadhani ilipobakiza siku chache kuanza, wanawake walijaa na madebe ya mahindi, kila mmoja anataka unga wa mwezi mzima. Haruna alikuwa amesimama mlangoni baada ya kuingiza magunia. Pazi akaanza kuzungusha. Nilikuwa nautazama mkono ule tu. Ulizunguka kidogo, ukalegea. Injini ikapiga teke, ikakohoa, ikashika, na moshi ukamjia Pazi usoni.

Nikasubiri aikatie mafuta. Hakusogea. Alisimama pale, hendeli ameihamishia mkono wa kushoto, anaitazama injini.

Haruna akasema kutoka mlangoni, kwa sauti ya chini ya mkwe, "Baba, inazunguka kinyume."

Pazi hakugeuka. Haruna akatia mguu mmoja ndani, akaurudisha. Nikampigia kelele aingie aizime, akanitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo mbele za watu. Amsukume baba mkwe wake, wanawake wote wakitazama? Nikajaribu kuingia mwenyewe, lakini wenzangu walikuwa wanaukimbia moshi, wakanibana mlangoni. Nilipopenya, injini ililia chuma kwa chuma, ikakwama.

Fundi alikuja kutoka Kivinje, akaifungua, akasema imenoki na haina tiba tena. Wanawake wakajitwika madebe yao na mahindi yaleyale waliyokuja nayo. Hakuna aliyemlaumu Pazi. Walimpa pole kama mfiwa, naye akapokea.

Siku ile kabla ya magharibi nilimmiminia maji atawadhe, maana birika hakuweza kuliinua. Nikamuuliza kama hakuona moshi unatokea wapi.

"Niliona, mama Sauda."

"Ulijua inakufa?"

"Nilijua."

"Mbona hukuizima?"

Akauosha ule mkono wa kulia polepole hadi kwenye kiwiko.

"Ningeizima," akasema, "nani angeiwasha?"

Wallahi nilitaka kumpiga na birika. Haruna angeiwasha. Hata Sauda angeiwasha akifundishwa. Nikamwambia yeye ni mchoyo, ameua riziki ya watu ili asionekane mgonjwa, na nikamwambia mengine ambayo mke hamwambii mume wakati wa kuswali. Alilia. Hata baba yake alipofariki sikumwona akilia. Hasira ikanishinda kuishika na huruma ikanishinda kuitoa, nikabaki na birika tupu.

Asubuhi nilikuwa uani natwanga kinuni, kama kila mwanamke wa kitongoji hiki siku zile, malengelenge yameshaanza kututoka viganjani. Haruna akaja. Akamwamkia Pazi shikamoo, akapiga magoti mchangani, akaomba radhi. Alisema hakulala. Alisema aliona kila kitu, alijua pa kukatia mafuta, na adabu ikamfunga miguu. Kwa hiyo mashine imekufa kwa kosa lake yeye na baba amsamehe.

Nikaacha kutwanga. Nikamtazama Pazi, nikimpa nafasi.

Pazi akaweka mkono wa kushoto juu ya kichwa cha Haruna.

"Nimekusamehe, mwanangu," akasema. "Siku nyingine usichelewe."

"Inuka, baba," nikamwambia Haruna. "Huna kosa lolote. Nakwambia huna."

Haruna akadhani namliwaza. Akanishukuru, akajipangusa mchanga magotini, akachukua jembe lake na la baba mkwe wake, akaenda shamba.