Kengele ya Mursa na Dude la Ilarie

Kuna watu wakinunua kitu hukitumia, na kuna watu wakinunua kitu hukihubiri. Ilarie Bârsan alikuwa wa kundi la pili, na mkewe Saveta alikuwa amesikiliza mahubiri hayo kwa miaka mitatu mpaka masikio yakaota sugu.

Lenyewe lilikuwa lipikipiki la magurudumu manne, jekundu, pana kama kitanda cha wageni, lenye winchi ya kuvutia vitu kwa kamba mbele na chuma cha kubebea mizigo nyuma. Ilarie aliliita Mnyama. Saveta aliliita dude, na siku akiwa na hasira hakuliita kabisa, alilielekezea kidevu tu.

Ole wako upite mbele ya lango lao na useme, hata kwa adabu tu, "Bado linakwenda?" Umekwisha. Ilarie angefuta mikono kwenye suruali, akaliegemea lile dude, na kuanza.

"Miaka mitatu ninalo, ndugu yangu, na sijajuta hata siku moja. Matope? Linakula. Theluji? Linakula. Mlima? Mlima wenyewe unaomba radhi! Nguvu za farasi hamsini, usikie vizuri, hamsini!"

"Farasi hamsini," Saveta angejibu kutoka kwenye vitunguu vyake, "na bustani yangu haijapata hata koleo moja la mbolea."

Yaliyobaki Ilarie hakuyasema, basi tuyaseme sisi. Hakusema kwamba dude lilikunywa petroli kama baba wa ubatizo anavyokunywa divai ya mwenzake. Hakusema kuhusu siku alipofunga winchi kwenye nguzo ya lango ili ang'oe kisiki, kisiki kikakaa, lango likaja. Na ile habari ya Januari, hiyo ndiyo hakuigusa kabisa. Alikwenda kuchukua nyasi kavu kule juu, mkanda wa ndani unaozungusha magurudumu ukaungua, moshi ukalitoka dude kama mkate uliosahauliwa motoni, na ikabidi Saveta apande na Mursa kumwokoa. Mursa alikuwa farasi wao jike, wa kijivu, mwenye tumbo na subira. Akavuta nyasi, akavuta dude, akamvuta na Ilarie, maana mwanamume alikataa kushuka. Wakapita katikati ya kijiji watu wakitoka kanisani, yeye kakaa juu, kashika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele kama anayeendesha. Padri mwenyewe aliinamisha uso akacheka ndani ya ndevu.

Ungedhani mtu akishaaibika hivyo atajifunza. Wapi! Wiki iliyofuata alinunua mkanda mpya, na mahubiri yakaendelea pale yalipoishia.

Saveta angeyavumilia yote hayo. Ndoa ni ndoa, na wengine waume zao wanalewa. Lakini majira ya kuchipua Ilarie akaja na neno jipya mezani, akilisema huku anachovya mkate kwenye supu, kana kwamba anaomba chumvi.

"Mursa tunamuuza. Nimeongea na Lică, yule mwenye lori. Atakuja siku ya kupima maziwa."

Saveta akaweka kijiko chini. Kila mtu milimani humo alijua Lică ananunua farasi wa nini. Farasi waliopanda lori lake hawakuvuta mkokoteni wa mtu tena, waliishia kwenye utumbo wa soseji, nchi za mbali.

"Ana miaka tisa," akasema. "Nilimpokea kwa mikono yangu alipozaliwa."

"Na anakula kwa miezi kumi na miwili. Mnyama wangu akizimwa hali."

"Akizimwa! Wewe ndiye ungezimwa kidogo, tukapumzika."

Hakuzimika. Banda lilikuwa la Ilarie, lilitoka kwa baba yake, na farasi pia, na kwa desturi ya pale neno la mwisho juu ya wanyama wakubwa ni la mwenye banda. Saveta alilia siku ile, hilo tusifiche, akilia shingoni mwa Mursa huku farasi anatafuna kilemba chake.

Sasa, watu wa mlima ule wana siku moja wanayoiheshimu kuliko Pasaka, ingawa hakuna anayelisema hilo mbele ya padri: siku ya kupima maziwa. Mwezi Mei kondoo wa kijiji kizima huunganishwa chini ya mchungaji mkuu mmoja, wakae mlimani mpaka majani yaanguke. Asubuhi hiyo kila mwenye kondoo hukamua wake mbele ya watu wote, kisha mchungaji mkuu huchovya kijiti chenye alama ndani ya ndoo. Kijiti kikisema mengi, utapata jibini jingi kiangazi chote. Kikisema machache, pole yako, tuonane mwakani. Hakuna kupima mara ya pili. Ndiyo maana asubuhi hiyo watu hutembea karibu na kondoo kama karibu na mtoto aliyelala. Mbwa hufungwa, watoto hukatazwa kupiga mluzi. Kondoo akishtuka huyazuia maziwa, hata umkamue mpaka vidole vife ganzi hatoi. Hilo linajulikana na kila mtoto, na Ilarie pia alilijua kabla dude halijamwondolea akili.

Siku moja kabla ya kupima, wanaume walikuwa wanatengeneza ua wa zizi la juu, na Saveta amewapelekea chakula mgongoni mwa Mursa. Mzee Onisim, mchungaji mkuu, mtu wa maneno machache na sharubu nyingi, akampapasa farasi kwenye pua.

"Kesho utatuletea wale kondoo wako, ee bibi mkubwa?" akamwambia Mursa.

Kwa maana Mursa ndiye aliyewapandisha kondoo wa Ilarie kila mwaka. Alitangulia mbele na kengele yake ya shaba shingoni, taratibu, na kondoo wakamfuata bila mtu kuwaswaga. Walizaliwa wakiisikia ile kengele, ilikuwa kama sauti ya mama yao.

"Kesho nawaleta mimi na Mnyama," Ilarie akadakia.

Nyundo zikanyamaza.

"Ilarie," Mzee Onisim akasema polepole, "asubuhi ya kupima?"

"Mzee wangu, kondoo wangu wamelizoea! Msimu mzima wa baridi mahindi yao nawapelekea nalo. Wakilisikia wanakuja mbio."

"Wanakimbilia mahindi," Saveta akasema. "Dude lako wanaliogopa kama mimi ninavyolichukia."

Watu wakacheka, na hapo ndipo Ilarie alipopandwa na mori. Alikuwa tayari na gongo ya plamu kichwani. Akashika nguzo ya ua.

"Basi sikilizeni nyote! Maziwa yangu kesho yakipungua kuliko ya mwaka jana, Lică alichukue dude, si farasi! Yakifika au yakizidi, Mursa aende, na mke wangu asiseme neno tena. Mzee Onisim shahidi!"

"Neno umelisema mbele ya zizi," mzee akamwonya. "Halirudi."

"Lisirudi!"

Debe tupu haliachi kuvuma. Lakini Saveta hakucheka. Alikuwa anatazama mlima na kufikiri.

Asubuhi kulikuwa na umande na jua jembamba. Watu wote walishafika zizini na kondoo wao, kimyakimya, wanawake wamekalia ndoo zilizopinduliwa, Lică na lori lake amesimama barabarani anatafuna mbegu za alizeti. Saveta alikuwa amesimama na Mursa ukingoni mwa malisho, juu ya korongo, kwa sababu Lică alitaka kumwona farasi akiwa karibu. Upande wa pili wa korongo, chini ya miti, walikuwa kondoo wao, matiti yamejaa, wametulia.

Ndipo dude lilipotokea. Ilarie alilipamba kwa matawi ya msonobari kama bwana harusi. Lilipanda mteremko likinguruma, likitema mawe, na kondoo wakainua vichwa, wakatazama kama lina mahindi. Halina. Likawazunguka nyuma. Kondoo wa kwanza akaruka, na baada ya hapo kila mmoja akashika njia yake. Waliingia kwenye miti, wakatoka, wakateremka korongoni. Ilarie anapiga honi, eti awakusanye! Honi!

Mursa akainua masikio. Aliwaona. Akataka kutikisa kichwa, kama alivyofanya kila mwaka, na Saveta akajua dakika hiyo kwamba kengele ikilia mara moja tu kondoo watageuka. Watamwona Mursa, watapanda korongo polepole, moyo utawatulia njiani, na wakifika zizini maziwa yatakuwa ya kutosha. Alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Jibini la mwaka lilikuwa pale chini linakimbia huku na huku, na dawa yake ilikuwa shingoni mwa farasi.

Akaingiza mkono ndani ya kengele, akaushika kwa nguvu ulimi wake, kile chuma kinachoigonga.

"Tulia, mama," akamnong'oneza Mursa. "Tulia."

Farasi akatikisa kichwa mara mbili, tatu. Hakikutoka kitu. Saveta alizidi kubana, akiwatazama kondoo wake mwenyewe, wale aliowalisha kwa chupa wakiwa wachanga, wanavyohema na kuanguka kwenye mawe. Moyo ulimuuma vibaya sana. Lakini hakuachia.

Ilarie aliwafikisha mwishowe, wametoa ndimi, macho yamewatoka. Akazima dude, akavua kofia kwa mbwembwe.

"Mmeona? Nusu ya muda!"

Akachukua ndoo, akaketi karibu na kondoo wa kwanza, akabana. Akabana tena. Yakatoka matone ya kumlisha paka mgonjwa. Akahamia wa pili, akamsemesha kwa upole, kisha kwa matusi. Jasho likamtiririka shingoni. Wanawake walioketi pembeni wakaanza kutazama vidole vyao wasicheke, na mmoja akashindwa.

"Ilarie, mtie petroli huyo!" akasema. Hapo zizi zima likapasuka.

Mzee Onisim hakucheka. Alipiga magoti, akachovya kijiti, akakiinua juani ili kila mtu aone. Maziwa yalikuwa yamefika nusu ya alama ya mwaka jana.

"Pima tena jioni," Ilarie akasema. "Mzee wangu, wameshtuka tu. Jioni watatoa."

"Yakimwagika hayazoleki," mzee akasema, akafuta kijiti kwenye goti lake. "Na lile neno la jana nimelisikia mimi na hawa wote."

Lică akatema maganda, akalizunguka dude, akalipiga teke gurudumu.

"Mimi sina ugomvi," akasema. "Hili haliumi."

Wakalipakia. Winchi iligoma, kama kawaida yake, na ikabidi walivute juu ya lori kwa kamba na kwa Mursa. Ndiyo, Mursa, tena kwa hatua nne tu, bila jasho. Ilarie alisimama akitazama matawi ya msonobari yanavyopotea kwenye kona ya barabara.

Wakiwa njiani kurudi, yeye kwa miguu na mkewe kwa miguu na farasi katikati yao, alisema kitu kimoja tu.

"Kengele ya Mursa leo sikuisikia."

"Ungeisikiaje, na makelele yale?"

Ilarie akatikisa kichwa kukubali. Ilikuwa sababu ya kutosha.

Kiangazi kikapita, majani yakaanguka, jibini likagawanywa. Kila mwaka Mursa alishuka na vikapu viwili vizito. Safari hii Saveta alibeba fungu lao mwenyewe, ndani ya kilemba, na kufikia theluji ya kwanza lilikuwa limekwisha.

Na Ilarie je? Alipata mahubiri mapya, ulitarajia nini kingine! Siku moja Mzee Onisim alikuja kuwatembelea, akakaribishwa mezani, na kabla hajavua koti Ilarie ameshaanza.

"Miaka tisa ninaye, mzee wangu, na sijajuta hata siku moja. Theluji? Anapita. Mkanda? Hana mkanda wa kuungua! Mimi nilisema siku zote, farasi ni farasi."

Saveta alimtazama mgongo kwa dharau ambayo haina jina, akapakua ugali wa mahindi, akauweka na vitunguu. Mzee akatazama sahani, akatazama huku na huku.

"Na jibini?" akauliza.

"Ah, kondoo walituangusha mwaka huu," Ilarie akasema. "Mambo ya kondoo hayo."

Saveta alikuwa ameshafika jikoni. Akarudi.

"Usiwasingizie kondoo," akasema. "Kondoo hawana kosa. Wewe uliwatia hofu, na mimi nilikuwa na dawa yao mkononi nikakataa kuitoa. Niliushika ulimi wa kengele mpaka ulipokwisha kuwakimbiza."

Mzee Onisim akainamia vitunguu vyake, na sharubu zikamtikisika kidogo. Mtu mzima alikuwa ameona. Alikuwa ameona tangu siku ile.

Kijiko cha Ilarie kilibaki hewani.

"Jibini la mwaka mzima, Saveta! Watoto watakuja Krismasi, tutawapa nini?"

"Hicho hicho," akasema, maana hilo alikuwa amelifikiria kila siku tangu Mei. "Kitunguu. Kisha watatoka nje wampande Mursa. Kula."

Huko bandani farasi alitikisa kichwa, na kengele ikalia, wazi kabisa, mpaka mezani. Ilarie akasikiliza mpaka ikaisha. Kisha akachovya ugali wake kwenye chumvi, akala.